Milimita Nne

Karakana ile ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika ukutani: kazi moja, tepu moja. Fundi aliyeanza kupima mlango ndiye aliyeumaliza, kwa tepu yake mwenyewe, na kuazima tepu ya mwenzako kulihesabiwa sawa na kuazima mswaki wake. Seremala mmoja aliishika sheria hiyo kwa miaka ishirini na sita bila kuivunja hata siku moja. Ndiyo maana hakujua.

Wenzake walimwita Milimita. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mwembamba, penseli nyuma ya sikio la kulia, na kidole cha shahada kisicho na ncha. Ncha iliondoka na msumeno wa mezani zamani. Ukipita mbele yake na ubao uliokatwa vibaya, alikwambia kabla hujautua: "Umezidi milimita mbili. Rudisha." Na ukirudi kupima, ni mbili kweli. Jicho lake lilikuwa zuri kuliko vipimo vya watu wengine.

Tepu yake ilikuwa ya chuma, ya mita tatu, iliyobakiwa na rangi ya njano pembeni tu. Miaka mingi nyuma ile ncha ya kushikia ubao ilikatika na kuondoka na kipande kidogo cha chuma. Akakunja bati, akaipigia ncha mpya kwa ribiti mbili, akaendelea na kazi. Namba za mwanzo zilikuwa zimeshafutika kwa kusuguana na mbao, kwa hiyo hapakuwa na cha kumshtua. Fremu alizipima kwa tepu hiyo, na milango ya kuingia kwenye fremu hizo aliipima kwa tepu hiyo hiyo. Vikakubaliana. Milango ya Milimita ilisifiwa kwa kufunga bila kelele.

Kitu ambacho Mungu alimnyima ni sikio la muziki. Utotoni, mwalimu wa kwaya alimwambia afungue mdomo tu na asitoe sauti, asije akawapoteza wenzake. Dada yake, aliyemtangulia kwa miaka minne, alikuwa kinyume chake kabisa. Sufuria ikianguka jikoni, yeye aliweza kuiimba ile sauti na kukwambia iko juu au chini kuliko ya jana. Akawa mwalimu wa muziki, akafundisha shule moja ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja.

"Dada alichukua masikio yote ya nyumba yetu," Milimita alizoea kusema. "Mimi nikaachiwa haya ya kushikia penseli."

Kati yao kulikuwa na deni la gitaa. Miaka kumi na miwili kabla ya hapo, gitaa la Dada lilipasuka shingo, naye akalipeleka kwa mdogo wake kwa sababu ndiye fundi wa ukoo. Milimita aliliunganisha kwa gundi ya milango na skrubu mbili ndefu. Shingo ilishika barabara. Sauti ilikufa pale pale. Dada alililaza mapajani, akapiga uzi mmoja, akauliza: "Na bawaba umetia, au bado?" Tangu siku hiyo, mgeni akifika alimtambulisha hivi: "Huyu ni mdogo wangu. Ndiye aliyelizika gitaa langu."

Kisha Dada akaugua. Uvimbe ulikuwa kwenye ini, na matibabu yalikwenda miezi mpaka shavu likaonyesha mfupa. Siku daktari aliposema sasa ni kumtuliza maumivu tu, Milimita alikaa ukingoni mwa kitanda chake, akauliza anataka nini. Alitegemea kuambiwa matunda.

"Gitaa," Dada alisema. "La mkono wako. Na usilitie skrubu."

"Dada, mimi ni mtu wa milango."

"Najua. Ndiyo maana nitakusimamia. Masikio yangu hayajaugua."

Hivyo ndivyo walivyogawana kazi: mikono ya mmoja, masikio ya mwingine. Kila alasiri alipotoka karakanani, Milimita alibeba kipande alichokuwa nacho hadi kwa Dada, chumba cha chini chenye dirisha linalotazama kamba za kuanikia nguo. Binti wa Dada, karani wa posta ambaye hakuwahi kuolewa na aliyeishi na mama yake, alimfungulia mlango na kusogeza meza ya dawa.

Ubao wa uso wa gitaa ulitoka kwenye mlango wa kabati la shule, kabati ambalo Dada aliwekea daftari za nyimbo. Shule ilipolitupa, Milimita aliuokota mlango ule, maana ulikuwa msonobari mkavu, wa mistari iliyonyooka. Aliuchana, akaupiga randa, akauleta. Dada aliugonga kwa kifundo cha kidole.

"Hodi," alisema. Akasikiliza. "Nagonga mlango, na ndani hakuna mtu. Punguza."

Akapunguza. Siku ya pili Dada aligonga tena. "Wapo, lakini wamelala."

"Nikizidi hapa utapasuka, Dada."

"Mlango utapasuka. Huu si mlango."

Siku ya tatu ubao ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ukiuinua dirishani, mwanga ulipenya kama kwenye sikio la sungura. Dada aligonga, akafumba macho. "Haya. Sasa wameamka."

Makosa yalikuwa mengi, na kila moja lilikuwa na jina la mtu wa milango. Mbavu za kasha, zile mbao nyembamba za ubavuni, za mti wa mkangazi, zilitakiwa kukunjwa juu ya bomba la moto. Ya kwanza ilivunjika kwa sababu aliilazimisha kama anavyolazimisha fremu. Ya pili iliungua. Ya tatu aliiloweka siku nzima na kuikunja polepole, ikakubali, ikabaki na alama ya kuungua kwa ndani ambapo haionekani. Shingo ya kwanza aliichonga kwenye mti ambao haujakauka sawasawa; baada ya wiki mbili ilijipinda kama mkia wa mbwa. Akaitupa, akachonga nyingine kutoka mguu wa meza ya zamani ambao ulikuwa umeshamaliza kujipinda kabla yeye hajazaliwa. Uso nao ukapasuka karibu na tundu, ufa mwembamba kama unywele. Aliuziba kwa ujiti wa msonobari ule ule, akatia gundi, akabandika kiraka kwa ndani, akapiga msasa. Dada alipitisha kidole mara tatu asiuone ufa ulipo.

"Hapa," alisema, "umefanya kazi."

Karakanani walimtania. Fundi wa jirani yake kwenye meza ndefu aliitwa Kobe, kwa kuwa kabati moja lilimchukua mwezi. "Milimita, ndugu yangu," Kobe alisema, "nasikia sasa unatengeneza milango ya kuimba. Ukimaliza nifanyie dirisha la kupiga mluzi." Lakini Milimita, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akiimba, siku hizo alipiga randa akiwa na kitu kinachofanana na wimbo puani, na Kobe akaacha utani ili amsikilize.

Hatua iliyobaki ilikuwa vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, ambavyo mpigaji hukandamizia nyuzi. Dada alikuwa na kitabu chenye orodha ya vipimo vyake: namba kumi na tisa, kila moja umbali kutoka juu ya shingo pale nyuzi zinapoanzia, na ya ishirini, sehemu ya kuweka daraja la nyuzi chini. Hapa Milimita alikuwa nyumbani kwake. Mengine yote aliyafanya kwa kuambiwa. Namba hazikuhitaji mtu wa kumwambia. Alishikiza ncha ya tepu yake juu ya shingo, akaweka alama, moja baada ya nyingine, kwa penseli iliyochongwa kama sindano.

Alilimaliza Jumamosi. Alilipeleka mchana, limefungwa kwenye shuka.

Binti alimwinua mama yake, akampangia mito mgongoni. Dada alikaza nyuzi zote sita akisikiliza kwa kichwa kilichoinama kidogo kushoto, kama alivyokaa darasani kwa miaka thelathini na mmoja. Alizipiga wazi, bila kukandamiza. Sauti ikajaa chumbani. Hata Milimita aliihisi kifuani, kama mtu anavyohisi mlango mzito ukifungwa chumba cha pili. Dada akatabasamu.

Kisha akaweka vidole shingoni, akapiga. Tabasamu likaondoka.

Alikandamiza uzi mmoja, akauachia, akaukandamiza tena. Akahamia wa pili. Alichukua muda mrefu.

"Linasema uongo," alisema.

"Uzi upi?"

"Zote. Ukiuacha wazi, unasema kweli. Ukiukandamiza tu, unashuka. Kidogo. Kidogo sana, mdogo wangu, lakini unashuka."

Binti aliinamisha kichwa. "Mimi sisikii, Mama. Naona liko sawa."

"Haliko sawa."

Milimita alitoa tepu mfukoni. Alipiga magoti kando ya kitanda, akampa binti kile kitabu, akapima mbele yao wote wawili. Alisoma kila namba kwa sauti, naye binti akaitikia "Ndiyo" kila mara. Namba kumi na tisa, na ya daraja ya ishirini. Hakuna hata moja iliyokosea.

Pengine angenyamaza hapo. Lakini alikuwa ameharibu mbavu mbili na kutupa shingo moja. Alikuwa ameubembeleza ubao ule kwa miezi miwili. Na kitu pekee alichokifanya bila msaada wa mtu ndicho kilichokuwa kinaitwa uongo.

"Dada," alisema, "namba haziugui."

Binti ndiye aliyejaribu kulainisha, na hakukusudia ubaya. "Mama, kumbuka daktari alisema dawa zile zinaweza kugusa masikio. Alisema wengine husikia vitu visivyokuwepo."

Dada alilitazama gitaa. Akapeleka mkono kwenye sikio lake, akalishika kama mtu anayehakikisha kama mlango ameufunga. Mara ya kwanza tangu augue, alionekana kuogopa.

"Wanasema sikio la kufa halisikii dawa," alisema mwishowe. "La kwangu limeisikia, ndiyo maana limekufa."

Gitaa likatundikwa kwenye msumari juu ya meza ya dawa.

Kila Alhamisi walikuwa wakija watu wazima watatu, wanafunzi wake wa zamani: muuguzi mmoja, dereva wa lori, na mwanamke mwenye duka la vitambaa. Walisimama miguuni mwa kitanda na kumwimbia kwa sauti tatu. Dada aliwaongoza kwa kidole kimoja juu ya shuka, na sauti ya dereva ikipwaya kidole kilimnyooshea yeye, naye dereva, mtu wa miaka arobaini na tano, aliomba radhi kama mtoto. Binti alisema siku hizo mama yake alikula.

Alhamisi iliyofuata Dada alimwambia binti awazuie mlangoni.

"Niwaambie nini?"

"Waambie siwasikii sawa tena. Nikiwasikia vibaya nitawasahihisha vibaya."

Walirudi na Alhamisi nyingine, na nyingine, wakazuiwa hivyo hivyo. Redio ilizimwa. Milimita alipofika alimkuta ameelekea ukutani, wakazungumza habari za mvua na za majirani. Siku moja katikati ya mazungumzo Dada alianza kuguna wimbo, akafika mstari wa pili, akasita, akaacha, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Ulipima vizuri?" alimuuliza, akiwa bado ameutazama ukuta.

"Mara tatu, Dada."

"Basi," alisema.

Alifariki siku ya ishirini na nne baada ya gitaa kukamilika, Jumanne, asubuhi.

Mazishi yalipangwa kesho yake, saa sita. Milimita alisema jeneza atalitengeneza yeye, na hakuna aliyebishana naye. Lakini ilipofika alasiri alikuwa bado kwenye kasha la jeneza, na Kobe akaja akasimama upande wa pili wa meza.

"Hutamaliza peke yako," alisema. "Nipe kifuniko."

"Kazi moja, tepu moja."

"Leo si kazi, ndugu yangu. Nipe kifuniko."

Milimita alimwandikia vipimo kwenye kipande cha ubao. Kobe, aliyeitwa Kobe kwa haki, siku hiyo alifanya haraka. Jua lilikuwa bado halijaondoka mlangoni walipokiinua kifuniko pamoja na kukiweka juu ya kasha. Milimita alipitisha kidole chake kile kifupi ukingoni.

"Umezidi."

"Sijazidi."

"Umezidi milimita nne. Kobe, hata leo? Hata kwa dada yangu?"

Kobe hakukasirika. Alipima kifuniko, kilikuwa sawasawa na namba aliyoandikiwa. Milimita akapima kasha lake. Lilikuwa sawasawa na namba ile ile. Walitazamana. Kisha Kobe akaivuta tepu yake na kuilaza juu ya kifuniko, akamwonyesha kwa kidevu alaze na ya kwake kando. Zilianzia mahali pamoja. Namba hazikulingana. Kumi ya Milimita ilikuwa nyuma ya kumi ya Kobe, ishirini nyuma ya ishirini, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa ubao, kwa pengo lile lile.

Kobe alikuwa na utani kwa kila jambo. Alivua kofia, akaishika.

"Tangu lini?" Milimita aliuliza.

"Tangu ulipoitia hiyo ncha, nadhani. Kipande kilichokatika hukukihesabu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningejuaje? Nani amewahi kuishika tepu yako?"

Milimita aliendelea kuzitazama tepu zile mbili. Vijiti kumi na tisa. Daraja. Vyote viliwekwa karibu mno na mwanzo, kwa milimita nne. *Unashuka. Kidogo. Kidogo sana, mdogo wangu.* Alipopiga magoti kando ya kitanda kuhakikisha, aliiuliza tepu kama tepu inasema kweli, na tepu ikajibu ndiyo mara ishirini.

Kobe alitaka kukipunguza kifuniko. Milimita alimwondoa mkono, akachukua randa, akapunguza mwenyewe, pande zote, mpaka kikakaa.

Makaburini, watu wa ukoo walipopewa nafasi ya kusema, alisogea mbele. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. "Dada yangu alisikia sawasawa mpaka mwisho," alisema. "Gitaa nililomtengenezea lilikuwa na kosa, akaniambia. Nikapima nikamwambia yeye ndiye mwenye kosa. Tepu yangu ndiyo mbovu. Masikio yake yalikuwa mazima." Akarudi alipokuwa amesimama. Wengi walidhani ni majonzi, na shangazi mmoja alimpapasa bega. Waimbaji watatu wa Alhamisi walikuwa wamesimama pamoja. Mwanamke wa duka la vitambaa alifunika mdomo kwa mkono.

Binti alimfuata watu walipokuwa wakitawanyika.

"Mjomba, unasema Mama alikuwa anasikia?"

"Alikuwa anasikia."

"Wakati wote? Hata nilipowazuia mlangoni?"

"Wakati wote."

"Mimi ndiye niliyetaja dawa," alisema binti.

"Mimi ndiye niliyeanza."

Milimita alimngoja amlaumu, kwa kuwa lawama ingempa kitu cha kushika. Binti aligeuka, akaenda zake.

Wiki tatu baadaye Milimita alikwenda kulichukua gitaa, akiwa na tepu mpya ambayo Kobe alikuwa ameiacha juu ya meza yake bila kusema neno. Alilitazama siku mbili kabla ya kuligusa, na alipoelewa alikaa chini. Kosa halikuwa ishirini. Lilikuwa moja, pale mwanzo, na mengine yote yalilifuata kwa uaminifu. Hakuhitaji kung'oa hata kijiti kimoja. Alichonga kichwa cha gitaa kwa milimita nne, akasogeza nyuma kile kifupa cha juu ya shingo ambapo nyuzi huanzia, akajaza pengo kwa ujiti wa mti ule ule. Kazi ya asubuhi moja. Angeweza kuifanya Jumamosi ile ile, na kabla ya jioni angekuwa amemaliza.

Alilirudisha. Binti alikaza nyuzi, akakandamiza mmoja, akaachia, akakandamiza. Kichwa chake kiliinama kidogo kushoto. Huenda hakujua kwamba kinainama.

"Sasa linatua," alisema. "Mwanzo sikujua kama lilikuwa halitui."

Milimita alisikiliza kwa nguvu zake zote. Kwake ilikuwa sauti ile ile ya Jumamosi ile.

"Una hakika?" aliuliza.

Binti aliinua macho.

"Samahani," alisema Milimita. "Samahani, mwanangu. Umesikia wewe, yatosha."

Alilitundika kwenye msumari wake. Meza ya dawa ilikuwa imeondolewa.

Tepu ya zamani hakuitupa, ingawa Kobe alimshauri aitie motoni. Nusu ya fremu za mtaa ule zilipimwa kwayo, na mtu akitaka mlango mpya kwenye fremu ya zamani ni lazima hesabu ifanywe kwa kipimo kile kile cha uongo. Ipo kwenye droo, imefungwa kitambaa. Siku anapoitumia, hupima mara moja na kuandika. Namba haisomi tena kwa sauti.